Kati ya Sura ya Saba na ya Nane

Koboko, 9 Mei 2024

Dada Driciru,

Assalaam aleikum. Wewe ni mtu wa kanisa, lakini salamu ni salamu, ipokee. Natumai itakukuta mzima huko Oli, wewe na mama, na wale watoto wa shule ya Dadamu unaowafundisha Kiswahili kwa macho makali. Sisi tunapumua. Zuhurah ameng'oka jino la mbele na anamuulizia mama mdogo wake. Mimi mwili hauumwi.

Eda ni ndefu, dada. Tangu tumzike Isa mwezi wa tatu, dunia yangu imekuwa chumba, baraza na choo. Simu yangu Asuman aliichukua siku ya maziko, akasema watu wa pole watanisumbua. Mpaka leo bado anawazuia watu wa pole. Ni kaka wa marehemu na sasa ndiye mkubwa wa nyumba hii, basi nimenyamaza. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama zamani, na Obitre dereva atakuletea barua ndani ya kitabu.

Kitabu chenyewe, kile cha mwalimu mlevi, nimekimaliza jana. Nilicheka mpaka mama mkwe akaja kuchungulia: mjane anacheka nini? Nikasema nimekohoa. Isa alikuwa akinikuta nasoma ananinyang'anya kitabu, anauliza, "Leo nani amekufa huko ndani?" Nikimsimulia, anasahau kula. Sasa nikifika pahali pazuri nainua uso kumtafuta. Hapo ndipo ninapoumia, wala si kwenye pahali pa huzuni.

Nitumie kingine. Wanawake wanaokuja kukaa nami mchana wamechoka kuzungumza maziko ya Koboko nzima, wananitaka niwasomee kwa sauti. Nawasomea kama tulivyokuwa tukifanya bwenini: majina ya mbali nayatupa, naweka ya kwetu, na bahari naigeuza barabara ya Arua. Jirani yangu Night Poni akisikia jina asilolijua anasinzia. Nikisema Aliga au Anguzu, anakaa wima. Asuman hapendi, anasema hadithi katika nyumba ya msiba ni utovu wa adabu. Lakini mama mkwe huja kila siku na maharage yake ya kuchambua, anakaa karibu na mlango, hasemi neno.

Ni mimi dada yako wa bweni,
Aminah, mama Zuhurah


Arua, 14 Mei 2024

Dada Aminah,

Pole tena, na tena pole. Mimi ni mzima ila sauti imekwisha. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati. Mama anakusalimu, goti lake linasumbua mvua ikikaribia. Huku Oli ni tope tupu. Mwambie Zuhurah jino asilitupe ovyo, alirushe juu ya paa.

Nakutumia kitabu kipya, chenye jalada la kijani. Sikiliza vizuri: sijakisoma. Wewe unanijua. Mtu akinitangulia kusoma kitabu changu, naona kama ameingia jikoni kwangu akaonja mchuzi kabla ya wageni. Shemeji yangu Ezati alithubutu mara moja, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Lakini wewe umefiwa, basi onja kwanza. Nilikipata sokoni kwa mama mmoja anayeuza vitabu vya mitumba. Nilisoma ukurasa wa kwanza nimesimama: mwenye duka la chumvi anaamka, anakuta mlango wa duka uko wazi na hakuna kilichoibwa. Moyo ulinidunda! Nikakifunga hapo hapo nisije nikakimaliza sokoni.

Sharti langu ni moja: usianzie mwisho. Tabia hiyo unayo tangu shule, na mimi nimeivumilia kwa sababu ya mapenzi tu. Mwisho wa riwaya unafikiwa kwa miguu.

Juzi mtoto mmoja aliniuliza riwaya ina faida gani kama haimo kwenye mtihani. Nikamwambia, ukisoma unakwenda kukaa ndani ya mtu mwingine, na ukirudi kwako unakuta viti vimehamishwa. Darasa zima likanitazama. Hata mimi sikujielewa sana, lakini ni kweli, na wewe unajua kuwa ni kweli.

Ukimaliza mpe Obitre anirudishie. Nina njaa nacho.

Mama mdogo wake Zuhurah,
Driciru


Koboko, 20 Juni 2024

Dada Driciru,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Hatujambo kwa afya. Kitabu najua kilikufikia. Nisamehe kwamba nilikirudisha bila hata mstari mmoja. Mkono ulikataa kuandika.

Kumeharibika huku. Nilikuwa nikiwasomea wanawake ile riwaya ya mwenye duka la chumvi. Nilimpa jina la Anguzu, na ndugu yake nikamwita Aliga. Siku hiyo nilisoma jinsi Anguzu alivyougua, na gari lilivyokuja kumpeleka hospitali, na Aliga alivyotoka hadi njiani akalirudisha, akisema mgonjwa ana nafuu. Wanawake walinyamaza. Nilidhani wamependa. Kumbe Night Poni alitoka hapa na kwenda moja kwa moja kwenye kinu cha unga, na alasiri Koboko yote ilikuwa ikisema kwamba mjane wa Isa amemtaja Asuman kuwa alimnyima ndugu yake hospitali.

Jana Asuman alikuja na wazee wawili. Hakukaa.

"Wewe nasema mimi naua ndugu yangu?"

"Nilikuwa nasoma kitabu, shemeji."

"Kitabu iko wapi?"

"Kimerudi Arua."

"Basi kitabu nakuja hapa. Na wewe naapa."

Wameweka Ijumaa ya tarehe tano Julai. Mbele ya imamu na wazee nitaweka mkono juu ya Msahafu na kuapa kwamba yale yalikuwa maneno ya kitabu, hakuna zaidi. Nikiapa, yamekwisha. Nisipoapa, eda ikimalizika natoka katika nyumba hii aliyoijenga Isa kwa mikono yake, na Zuhurah anabaki, kwa sababu ati mtoto ni wa ukoo wa baba. Ana miaka saba, Driciru. Bado analala ameshika sikio langu.

Nimekuandikia ili ujue tu. Kitabu usijisumbue nacho.

Dada yako,
Aminah


Arua, 22 Juni 2024

Dada yangu Aminah,

Mimi mzima, na ni mzima wa hasira. Usijisumbue nacho, unaniambia! Nisijisumbue na nini, na Zuhurah?

Ndiyo yale wahenga waliyosema, mdomo huponza kichwa, ila hapa mdomo ni wa Night Poni na kichwa ni chako. Watu hawa hawajawahi kusikia riwaya? Kama kila muuaji wa kitabuni angekuwa na ndugu yake Koboko, magereza yangejaa. Lakini nisikucheke, hata mimi siku hizi nikisoma habari za mwalimu mkuu mnafiki nageuka kutazama nyuma.

Hili ni jambo jepesi. Kesho nikitoka kanisani nakaa nacho, natafuta ukurasa wa gari, naweka alama, na siku ya tano niko hapo kwenu na gauni langu la harusi za watu. Nitausoma mbele ya imamu kwa sauti ya darasani. Asuman atakosa pa kushika.

Kula. Usikonde kwa ajili ya uvumi.

Mama mdogo wake Zuhurah,
Driciru


Arua, 26 Juni 2024

Aminah,

Natumai mko salama. Sisi salama.

Nimekisoma. Nimekisoma chote, kisha nikarudia kutoka sura ya tano kwenda mbele, kidole juu ya kila mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Katika sura ya saba mwenye duka amekaa juu ya gunia, anakohoa, anamwomba mkewe chai ya tangawizi. Sura inaisha. Ya nane inaanza na wanawake wanaosugua masufuria baada ya maziko. Amekufa kati ya sura mbili, na mwandishi hakutuambia hata saa.

Ndugu yake yumo kweli, katika sura ya pili, na mwisho wake ni kusafiri. Hamrudishi mtu njiani. Gari halimo. Kitabu kizima hakina gari.

Nilitazama kama kuna karatasi iliyochanwa. Hakuna, zote zimeshonwa vizuri.

Dada, uliwasomea nini?

Driciru


Koboko, 28 Juni 2024

Dada,

Salamu zako zimefika, na mimi nakusalimu. Umenikamata. Afadhali umenikamata wewe.

Nilifika mwisho wa sura ya saba, chai ya tangawizi. Nikafungua ya nane nikaona masufuria. Nikasimama. Night Poni akauliza, "Halafu? Mutu nakufa namna gani?" Nikatazama karatasi, na mdomo ukaendelea wenyewe. Mwandishi aliruka, Driciru. Yeye anaweza kuruka, ana mambo mengine ya kusimulia. Mimi sikuweza.

Isa aliumwa tumbo na homa kali. Niliagiza gari sokoni limpeleke hospitali ya Arua, na Asuman akaagiza mtu wake wa dawa za mizizi na visomo. Mtu wa dawa alitangulia. Alimnywesha, na Isa akalala, akawa hapigi kelele tena. Gari lilipokuja Asuman alitoka njiani akasema mgonjwa ana nafuu, msimwamshe. Mimi nilikuwa mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekipakata kichwa cha Isa. Sote wawili tulilisikia gari likigeuza, na hatukusema neno, kwa sababu Isa alikuwa amelala kweli, na mkubwa alikuwa amekwisha kusema. Asubuhi hakuamka. Dereva mwenyewe alikwenda Sudani Kusini kutafuta kazi, wala sijui kama alisikia kwamba kulikuwa na maziko.

Usifikiri nasema Asuman alimuua ndugu yake. Alimpenda. Alitaka tu iwe dawa yake ndiyo iliyomponya. Kiburi kidogo namna hiyo, ambacho siku nyingine kingekwisha kwa kususa chakula cha jioni.

Nilipokuwa nikisoma, Night Poni aliniuliza gari lilikuwa la rangi gani. Na mimi bila kufikiri nikajibu: jeupe, mlango mmoja wa bluu. Koboko gari hilo ni moja. Hapo ndipo waliponielewa wote, na hapo ndipo mimi mwenyewe nilipojisikia. Ningeweza kusema ni jeusi tu.

Naogopa. Sijui nitafanya nini siku ya tano.

Aminah


Arua, 1 Julai 2024

Dada Aminah,

Nimekaa na barua yako tangu ifike, sikujua nianze na salamu gani. Pole haitoshi. Ungeniambia mwezi wa tatu ningekuja kwa miguu.

Sasa sikia, na usinikatize kabla ya mwisho. Nitakuja na kitabu. Nitakifungua mahali popote na nitasoma gari. Jeupe, mlango wa bluu, Aliga njiani, yote, na macho yangu yatakuwa juu ya mistari kana kwamba yameandikwa. Nani atajua? Kiswahili cha vitabu hapo kwenu anakisoma imamu, na kidogo tu, na macho yake umeniambia yana ukungu. Tumesoma namna hii tangu bwenini. Tulimfufua yule binti wa riwaya aliyezama kisimani kwa sababu mwenzetu Juliet alikuwa analia hawezi kulala. Huo ulikuwa uongo?

Najua nitasimama mbele ya wazee na kudanganya, mimi mwalimu, mimi ninayepokea meza ya Bwana. Najua pia kwamba mkono juu ya Msahafu utakuwa wako, si wangu. Nimelipima hilo mara nyingi na kila mara upande wa pili namkuta Zuhurah ameshika sikio. Mungu anajua kusoma. Ataona kile ambacho hatukukiandika.

Mwambie Obitre ndiyo au hapana, basi. Jibu fupi linatosha.

Driciru


Arua, 3 Julai 2024

Aminah,

Obitre amerudi bila jibu, barua yangu bado anayo. Anasema alimkuta Asuman barabarani, akaambiwa barua zimetosha. Nampa na hii, amkabidhi Night Poni zote mbili mkononi. Mwanamke huyo ana deni kwako la mdomo wake. Keshokutwa ni Ijumaa. Usiponijibu nitaona umesema ndiyo, na nitapanda gari la kwanza.

Driciru


Koboko, 4 Julai 2024

Dada mpenzi,

Usije na kitabu. Night Poni ameleta barua zako zote mbili chini ya sinia la mihogo, na analia. Ndiye atakayemfikishia Obitre hii.

Ulichotaka kunifanyia sitakisahau mpaka wanizike. Lakini nikiapa, Isa naye atakuwa amekufa kati ya sura mbili, na mimi ndiye nitakayekuwa nimeruka. Yule binti wa kisimani tulimfufua. Huyu nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Niombee kwa namna yako, mimi nitaomba kwa yangu.

Aminah


Koboko, 23 Julai 2024

Dada Driciru,

Assalaam aleikum. Natumai hujambo, na mama goti lake limepoa. Najua umeniuliza kwa Obitre kila siku, na kila siku nilimwambia asubiri. Nilitaka kwanza kuona mwisho. Umenifundisha mwenyewe, unafikiwa kwa miguu.

Ile Ijumaa walikaa uani baada ya sala. Imamu alinisogezea Msahafu. Nikasema, "Siapi, sheikh. Kitabuni hakuna gari. Gari lilikuja hapa, likarudishwa hapa." Asuman hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliwageukia wazee akasema taratibu, "Munasikia?" Kisha akatazama chini.

Imamu akamuuliza mama mkwe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa chumbani. Unajua alifanya nini? Alijifunika uso kwa mtandio akakaa hivyo hivyo mpaka watu wakachoka kusubiri. Sikumchukia. Amezika mwana mmoja, na walikuwa wakimwomba awatolee wa pili. Wazee wakasema kama mama hana neno, basi neno ni la Asuman. Nitoke, Zuhurah abaki.

Sitakuandikia siku zilizofuata. Nilikuwa nikimsuka mtoto nywele, nafumua, nasuka tena, ili tu mikono iwe juu yake.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa nguo nyingine, nikafunga mzigo. Asuman akaja asubuhi na kufuli jipya, karatasi yake bado imebandikwa. Zuhurah alikuwa amenishika kiunoni kwa mikono yote miwili. Asuman alimwambia aachilie, akakataa. Akamwambia tena. Nilikuwa naanza kumfungua vidole mimi mwenyewe, ili asije akafunguliwa na mtu mwingine, na hapo mama mkwe akatoka chumbani kwake na mkeka. Akautandika kizingitini kwangu, katikati ya mlango, akakaa. Mlango haukuweza kufungwa.

"Soma," akaniambia.

Nikadhani amechanganyikiwa. "Mama, kitabu kiko Arua."

"Wewe nasoma bila kitabu. Mimi najua. Siku ile mimi naona macho yako hapana tembea juu ya karatasi." Akavuta mtandio kichwani. "Soma ile pahali gari nakuja. Lakini leo gari hapana rudi."

Driciru, nimesoma vitabu maisha yangu yote na sijawahi kuogopa ukurasa kama nilivyouogopa ule ambao haukuwepo. Nilikaa. Nikafungua viganja, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufungua. Sikutaja Anguzu wala Aliga. Nikasema Isa. Nikasema gari jeupe lenye mlango wa bluu limeingia mpaka uani, kuku wakakimbia. Nikasema mama amekipakata kichwa chake, na mke wake anatafuta shuka safi.

Asuman alikuwa amesimama na kufuli lake. Nilitaka kumwacha nje ya hadithi, nakuapia, alistahili. Lakini gari lilikuwa limefika na Isa alikuwa mzito, na mimi na mama peke yetu tusingemwinua. Basi nikamweka. Nikasema, "Kaka yake akaja mbio kutoka njiani. Akashika miguu. Akasema, twende, twende haraka, hii dawa yangu haitoshi."

Nikasikia kufuli limeanguka. Sikuinua macho. Alichuchumaa pale pale ukutani, mtu mzima yule, akalia kwa sauti ambayo hakuilia siku ya maziko. Mama mkwe hakumtazama. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Huyu mwanamke hapana toka. Mutoto yake hapana toka. Neno langu ndiyo hiyo." Kisha akanigusa goti. "Usisimame. Gari iko wapi sasa?"

Nikamwambia tumepita soko. Tumepita Maracha, barabara ni nzuri, Isa ameomba maji na ameyanywa. Zuhurah akaniachia kiuno, akaja kukaa mapajani mwa bibi yake asikie. Nikasema kilima cha Arua kinaonekana.

"Nafika?" mama akauliza.

Nikamwambia limefika.

Dada yako,
Aminah, mama Zuhurah